Mtani Hatoki Kaburini

Mbuya Marwei Sigauke alikuwa mwoga. Ninalisema hili mapema kwa sababu ukifika Muroti leo ukamtaja, watu watakuapia kwamba bibi yule ana moyo wa jiwe. Jiwe gani! Aliogopa radi, aliogopa nyoka hata wa kuchorwa, aliogopa beberu wa jirani yake, na pale stendi alipouza nyanya alimwogopa mteja asiyebishana bei, maana mtu wa namna hiyo, alisema, ana jambo moyoni. Kitu kimoja tu hakikumtisha: maneno. Maneno aliyachezea kama mtoto anavyomchezea jongoo, anamgusa ajikunje, anamwacha ajikunjue.

Ulimi huo ulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza alizaliwa nayo. Ukoo wa Sigauke ni watani wa ukoo wa Matsikidze, sahwira kama tusemavyo kwetu, na utani wa Kishona si wa kurushiana maneno njiani ukapita. Mtani ndiye anayezika. Akifa Matsikidze, Sigauke huja akavaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akamsema marehemu kwa yale ambayo watoto wake hawathubutu kuyasema, na waombolezaji wakacheka hadi machozi yakabadili kazi. Asipokuja, jeneza halitoki. Na kabla jeneza halijashuka, mtani hudai chake: kuku, kitenge, chochote. Naye hupewa, na alichokubaliwa mtani mbele ya kaburi hakirudishwi. Wapo watu wilayani wanaojisifu kwa misiba yao. Waache wajisifu. Msiba wa Muroti watu hutoka Chimanimani kuja kuucheka.

Kazi ya pili aliipata uzeeni. Nyuma ya zahanati palikuwa na stoo ya saruji. Nesi mkuu, Sista Eustina, aliitoa saruji, akaweka viti viwili na dirisha, akamfundisha Marwei namna ya kukaa na mtu anayefikiri kupita kiasi. Ndivyo tunavyouita ugonjwa huo, kufikiri kupita kiasi, na si kila aliye nao anaokota makopo. Watu wakapaita Chumba cha Maneno. Mafunzo yalimtesa Marwei kwa sababu moja: ilimbidi anyamaze.

"Sista," alilalamika, "yaani unanilipa ninyamaze? Marehemu mume wangu angeuza ng'ombe apate huduma hiyo."

Sheria ya chumba ilikuwa moja: la chumbani hubaki chumbani. Wakaja wajane, wakaja walevi, wakaja hasa vijana, wale waliovuta uchafu wa mjini na wale ambao hawakuvuta chochote ila vichwa vyao viliwageuka tu. Sajini Chikukwa wa kituo cha polisi alipoona wanatulia, akaanzisha mtindo wake. Kijana akivunja, akipigana, akivua nguo sokoni, hakumpakia upesi kwenye lori la kwenda mahakamani mjini. Alimwuliza kwanza mwenye mali, "Unakubali apite chumbani?" Akikubali, kijana alipelekwa kwa Sista na sindano yake, kisha kwa Marwei na kiti chake. "Lile lori," sajini alipenda kusema, "likichukua mgonjwa linarudisha mwizi. Au halirudishi kitu."

Chumba kiliishi kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo. Walikuja, wakapiga picha, mmoja akalia, wakaondoka, na fedha zikawafuata. Sindano zikaisha. Sista Eustina akaenda kwenye kamati ya kata kuomba kipande kidogo cha fedha za maendeleo. Mwenyekiti wa kamati, Diwani Fanuel Matsikidze, mwanamume mwenye tumbo la amani na sauti ya vita, akajibu mbele ya mkutano: "Ndugu zangu, niwape barabara, au niwape wendawazimu viti vya kukalia?" Watu wakapiga makofi. Hata Marwei alipiga, kidogo, kwa woga.

Baada ya hapo alianza kumwogopa mtu ambaye hakutarajia kumwogopa.

Panganai alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyekuwa akifanya kazi za ndani Johannesburg. Marwei alimlea tangu wa kubebwa mgongoni, akimwita "mume wangu" kama bibi yeyote. Sauti zilimwanza kijana akiwa shuleni. Alipokuwa akichomwa sindano, zilikuwa kama redio ya jirani: ipo, inakera, lakini mtu analala. Sindano zilipokatika, redio ikahamia ndani. Akaacha kuoga. Akawa anasimama mlangoni akimtazama bibi yake bila neno, na Marwei, aliyemfuta kamasi kijana huyo kwa kiganja chake, akajikuta anajiuliza shoka liko wapi. Aibu ya swali hilo ilimuuma kuliko swali lenyewe.

Alhamisi moja alikuwa anapanga nyanya zake mafungu mafungu aliposikia mawe juu ya mabati. Watu wakaja wanakimbia, unga umewatapakaa nywele.

"Mbuya! Mbuya Marwei!" mmoja wao, Mai Revai, alihema. "Mumeo anaua watu kule mashineni!"

Marwei alikimbia na pete ya kichwani, ile kata ya kubebea mizigo, akisahau kuivua. Mashine ya kusaga ilikuwa mali ya Diwani. Vioo vya dirisha vilikuwa chini, kioo cha mbele cha gari la Diwani kimekuwa utando wa buibui, na mwendesha mashine ameshika sikio linalovuja damu. Juu ya magunia alisimama Panganai na mpini wa jembe.

"Inasaga jina langu!" alipiga kelele. "Hamsikii? Inalisaga jina langu, mnalibeba nyumbani, mnalila!"

Hakuna aliyecheka. Vijana wa mashine walimteremsha kwa ngumi, na waliendelea hata alipokwisha kuwa chini. Diwani alifika sajini akiwa anamfunga kijana pingu.

"Marwei!" Diwani alinguruma. "Mtoto wako ataozea jela. Na wewe usikanyage tena kwangu, wewe na huo utani wako!"

"Shumba wangu," Marwei alisema, akimwita kwa jina la ukoo wake, simba, huku akipiga magoti penye vioo, "ni mgonjwa huyu. Unamjua."

"Mgonjwa anajua kuchagua gari la kuvunja?"

Sajini Chikukwa akakohoa. "Diwani, mimi huuliza kila mtu. Unakubali apite chumbani kwanza?"

"Chumba gani? Kile ambacho hakina hata kidonge cha kichwa?"

Sajini akamwongoza kijana kwenda kituoni. Baadaye, mlangoni pa kituo, alimwambia Marwei bila kumtazama usoni: "Mbuya, hata angekubali, ningempeleka wapi? Sindano hamna. Jumatatu lori linakuja."

Asubuhi ya Ijumaa alimpelekea sadza, ugali wetu, na dagaa. Panganai alikuwa kwenye kona ya selo, uso umevimba. Aliitazama sadza kama mtu aliyeletewa kidole cha binadamu.

"Umesaga wapi, Mbuya?"

Muroti nzima inasaga mahali pamoja.

"Nimo humo. Unanilisha mimi mwenyewe."

"Basi kula dagaa, mume wangu."

"Wamegusana nayo."

Akarudi nyumbani, akachemsha viazi vitamu, akavileta vikiwa vya moto, na kijana akavila pamoja na maganda. Mahabusu mwenzake, mwizi wa kuku mwenye meno mawili, aliivuta ile sadza upande wake.

"Mbuya," alisema akitafuna, "usije ukasema sikukwambia. Huyu kule mjini hamalizi wiki. Kule wakiona mtu anaongea peke yake wanamfanya ngoma."

"Usinitishe, mwanangu."

"Sikutishi. Mimi nimekaa kule."

Marwei alitoka pale. Kufika kwake akamkuta mdogo wake Diwani, Zakaria, amesimama uani na kofia mikononi, akiizungusha kama usukani.

"Sahwira," Zakaria alianza.

"Nani sahwira? Jana niliambiwa nisikanyage."

"Jana Mama alikuwa hai."

Marwei akakaa chini. Mbuya Konsilata Matsikidze, mama yake Diwani, alikuwa amefariki alfajiri hiyo. Alikuwa mzee, moyo wake ulikuwa mbovu siku nyingi. Lakini Zakaria akaongeza, akiwa bado anazungusha kofia: "Kuna wanaosema ni mshtuko wa mashine. Mimi sisemi. Wanasema."

"Na kaka yako anasemaje?"

"Kaka anasema uje. Hataki, lakini anasema uje. Nani mwingine atamzika?"

Hapo ndipo woga wa Marwei ulipopata mtoto. Maana alikuwa amebeba kitu cha Konsilata ambacho bibi huyo hakumwambia mtu mwingine, na mwenyewe ndiyo kwanza amekufa. Bibi yule alikuwa akifika Chumba cha Maneno kwa kisingizio cha kupima presha. Alimweleza Marwei jinsi Fanuel wake, alipokuwa na umri wa Panganai, alivyoanza kuona moto ndani ya maji, jinsi yeye na marehemu mumewe walivyomfunga kwa kamba ya ng'ombe ndani ya ghala msimu mzima wa mvua, wakawaambia majirani ameenda kutafuta kazi Afrika Kusini. Akapona, au akanyamaza. Akaoa, akanunua mashine, akawa diwani. "Nilikuwa nampitishia chakula chini ya mlango," Konsilata alisema, "kama mbwa." Alilia hapo, akafuta miwani, akaenda kweli kupima presha.

La chumbani hubaki chumbani. Lakini mtani mbele ya jeneza ana ruhusa ya kusema lolote, na kesho yake Marwei angesimama mbele ya jeneza. Viapo viwili, ulimi mmoja.

Jumamosi boma la Matsikidze lilijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta wa zizi. Marwei aliingia akijua kila jicho linamtafutia shoka. Wakampa nguo za marehemu: sweta ya kijani, miwani iliyofungwa kwa uzi, fimbo. Alivaa, mikono ikitetemeka, na mtetemeko huo huo ukamfaa, kwa sababu Konsilata alikuwa akitetemeka.

"Zakaria!" alikoroma kwa sauti ya marehemu, akakohoa kile kikohozi chake cha mara tatu. "Nani amegusa sukari yangu? Nimeiwekea alama ya kidole!"

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wanawake wa jikoni, kikaruka ukuta. Akaigiza Konsilata akisali huku akihesabu nani hajaja kanisani. Akaigiza Konsilata akimsifu mkwe wake kwa mdomo na kumlaani kwa nyusi. Wakwe walianguka juu ya mikeka. Hata padri aliinamia kitabu chake mabega yakimcheza. Marwei aliwachekesha wote, na kinywani mwake hamkuwa na tone la mate.

Diwani alikuwa amevaa miwani myeusi. Hakucheka.

Makaburini jeneza liliwekwa juu ya magogo, vijana wakashika kamba. Sasa ndio wakati wa mtani kudai. Marwei alikuwa amepanga kudai kwa heshima, pembeni, amepiga magoti. Lakini miguu ya mwoga haisikii mipango. Alipoona kamba zinakazwa aliona pia kwamba dakika hiyo ikipita imepita, akajitupa ndani ya shimo. Akatua kwa goti, akalala chali ndani ya sweta ya marehemu.

Kilima kizima kikalipuka.

"Sahwira ametangulia!"

"Mbuya, muachie mwenyewe nafasi!"

"Sitoki," Marwei alisema.

Zakaria akamtupia kuku aliyefungwa miguu, akamwangukia tumboni. "Kuku huyo. Toka."

"Kuku huyu ana mafua. Sitoki."

Wakatupa kitenge. "Hiki kimefuliwa kwa majivu. Sitoki." Wakatupa noti ya dola. Akaiinua juani. "Hii imechanika, hata wauza vitumbua hawaipokei. Sitoki." Watu walikuwa wameshikana wasianguke.

"Unataka nini basi, mchawi wewe?" Zakaria aliuliza, akicheka naye.

"Nataka Chumba cha Maneno kiishi. Nataka sindano za mwaka mzima. Na nataka mume wangu asipande lile lori Jumatatu."

Na hapo ndipo walipocheka kuliko mwanzo. Hilo hakuwa amelifikiria. Mtani hupewa ruhusa ya kusema kweli kwa sababu watu huisikia kama mzaha. Ruhusa yenyewe ndiyo pingu yake. Mtu akapaza sauti: "Anataka afungishwe ndoa na kichaa wake!" Marwei akarudia maneno yale yale. Kicheko kikapungua. Akarudia tena. Sasa hakucheka mtu.

Shimoni kulikuwa na baridi. Mzizi uliokatwa ulikuwa ukidondosha maji karibu na sikio lake. Juu aliona ukanda wa mbingu na vichwa vimeuzunguka, jua nyuma yao, asijue uso wa yeyote. Moyo wa kuku ulikuwa unapiga juu ya tumbo lake na moyo wake chini yake, kama wanaoshindana. Bonge la udongo likadondoka kando ya shavu.

"Akitaka kukaa, akae," sauti ya kijana ilisema.

Bonge jingine, juu ya mguu. Halikudondoka lenyewe.

"Mjukuu wake amemuua bibi yetu kwa mshtuko, halafu anakuja kutuchezea kaburini!"

"Mfukieni!"

"Mbuya," padri aliita, "utani una mwisho wake."

Alitaka kutoka. Mbele ya Mungu, alitaka kutoka, awaombe radhi, achukue kuku wake mwenye mafua aende. Lakini goti lilikuwa limevimba na halikukunjuka, na hakuwa na pumzi ya kusema hilo. Koleo lilikwaruza mahali fulani juu. Akafikiri: hivi ndivyo inavyokuwa. Watu uliowachekesha asubuhi.

"Mtoeni," Diwani alisema.

Vijana wawili wakakaa ukingoni, viatu vyao vikining'inia juu ya uso wake. Ndipo sauti ya Konsilata ikamtoka mdomoni. Hakuiita. Kikohozi mara tatu, kisha:

"Fanuel. Fanuel mwanangu. Ile kamba ya ng'ombe..."

Watu wakatega masikio, tayari kucheka, wakidhani unakuja mzaha wa ubahili wa ng'ombe. Mmoja tu hakusubiri mzaha. Diwani alivua miwani yake myeusi. Marwei, kutoka chini, aliuona uso wake kwa mara ya kwanza siku hiyo, na haukuwa wa diwani. Ulikuwa wa kijana anayesikia hatua nje ya mlango uliofungwa.

Marwei akaung'ata ulimi. Sitanii, aliung'ata hasa, damu ikajaa. La chumbani hubaki chumbani. Alilala hapo amefumba kinywa juu ya damu na juu ya neno, akimwangalia mwanamume yule, mwanamume yule akimwangalia, na hakuna aliyejua nani anamwogopa mwenzake zaidi.

Diwani akapiga magoti kwenye udongo mbichi, suruali ya suti na yote. Akakunja viganja, akapiga makofi ya polepole, yale ya kumpokea mkubwa.

"Nimesikia, Mama," alisema. Kisha, kwa sauti ya kawaida: "Toka, sahwira. Nimekupa."

Vigelegele vilipanda. Wakasema haijapata kuonekana. Mtani amemwigiza marehemu hadi mtoto amemjibu mama yake! Walimvuta Marwei juu kwa zile kamba za jeneza, wakampangusa, wakamsifu. Yeye alikwenda nyuma ya kichaka akatema damu. Kisha akabaki amekaa huko na sweta ya mwenzake mwilini, kwa sababu alijua alichokifanya. Konsilata alimpa kisu akitunze. Hakumkata mtu nacho, lakini alikichomoa.

Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, Diwani alikuja kwake kwa miguu. Marwei alikuwa anabandika majani ya moto gotini. Alipomwona, majani yalimwanguka.

"Mama alikwambia nini?"

"Konsilata wa chumbani mimi simjui, Shumba. Namjua wa jenezani tu."

"Usinizungushe. Ningekataa, ungeendelea?"

Angeweza kusema hapana. Ilikuwa imekaa pale, tayari, kama kuku juu ya tumbo.

"Sijui," alisema.

Diwani akatikisa kichwa. "Hilo ndilo linalonitisha."

"Hata mimi, mwanangu. Sikulala."

Alisimama akichokoa ukuta wa jiko kwa ukucha, mtu mzima yule. Alisema malalamiko yake dhidi ya Panganai amekwisha kuyafuta, na kwamba Zakaria amekwenda mjini na gari la kuazima kutafuta sindano za mwanzo. Lakini fedha za kata ni za barabara, kila mtu anajua, na Jumatano kamati inakaa. "Watanila nyama. Nitawaambia nini? Kwamba nimewapenda vichaa ghafla?"

Ulimi wa Marwei, uliokuwa umevimba kama goti, ukachezacheza wenyewe.

"Waambie mtani alikutega. Nani atabisha? Walikuwepo wote. Sema, 'Wazee, mama yangu alikuwa juu ya magogo, mwanamke yule yumo shimoni, mlitaka nifanyeje?' Watakucheka, Shumba. Lakini kilichokubaliwa kaburini nani atakirudisha? Wewe?"

Diwani akaacha kuchokoa ukuta. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, pembe ya mdomo wake ikasogea.

"Wewe mwanamke ni mchawi."

"Mwoga, Shumba. Mwoga akibanwa hufanana na mchawi."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa baadaye: kamati ilicheka, ikagonga meza, ikatoa kipande cha barabara kikawa sindano, na hadi leo pale njia panda kuna mashimo yanayoitwa Utani. Lakini hayo ni ya Jumatano, na Marwei alikuwa bado hajaivuka Jumatatu.

Lori lilifika mapema. Sajini alichelewa kidogo, na askari mmoja kijana, asiyejua kwamba malalamiko yamekwisha kufutwa, alikuwa amekwisha kuwapakia mahabusu wote. Marwei alipofika akichechemea pamoja na Sista Eustina, ambaye usiku alikuwa amepokea sindano za Zakaria, sajini alikuwa nyuma ya lori, mikono kiunoni, akiita.

"Panganai, shuka. Huendi popote. Umesamehewa, shuka."

Panganai alikuwa ameng'ang'ania nondo za lori. Macho yake yalipotua juu ya bibi yake, akapiga ukelele ambao ulisimamisha hata mbwa wa stendi.

"Huyo amezikwa! Huyo amezikwa!"

"Mume wangu, ni mimi..."

"Wamemwona! Alikuwa amelala kaburini, amevaa nguo za maiti! Wamesema wenyewe!"

Askari kijana akainamisha kichwa. Jumamosi ile walirudi kutoka mazikoni wakisimuliana mbele ya selo, wakicheka, wakiigiza kuku na dola iliyochanika, na ndani ya selo mtu alikuwa akisikiliza kila neno.

Marwei alipiga hatua moja mbele. Kijana akaanza kupanda ubavu wa lori kwenda upande wa pili, ulipo mtaro wa mawe.

"Rudi nyuma, Mbuya!" Sista Eustina alisema. "Kaa chini. Kaa!"

Akakaa pale pale vumbini. Dereva akapiga honi. "Sajini, mahakama hainisubiri mimi!"

"Ngoja."

"Nangoja nini? Kama hataki kushuka, aende!"

Marwei alifungua kinywa. Alikuwa na maneno, kila namna ya maneno; alikuwa na ile mizaha ya utotoni, nyimbo za mgongoni, majina ambayo kijana huyo pekee aliyajua.

"Asiongee!" Panganai alilia. "Anatoa sauti ya yule mwingine!"

Akafumba kinywa. Katika maisha yake yote, msibani, sokoni, ndani ya ndoa, hakuna mtu aliyewahi kumkimbia Marwei Sigauke kwa woga, naye hakujua kwamba kuogopwa kunauma namna hiyo. Akainamia mapaja yake. Akamsikia Sista akisema polepole, kama wasemavyo chumbani: "Panganai, mimi unanijua. Mimi sijazikwa. Nitazame viatu, ni vile vile. Njoo tutembee wawili."

"Yeye asije."

"Haji."

"Aape."

"Anaapa. Tazama, ameketi."

Honi ililia tena. Sajini alikwenda akauweka mkono wake juu ya mlango wa dereva, akauacha hapo. Mkono mmoja wa Panganai ukaachia nondo. Ukarudi. Ukaachia tena. Mwizi wa kuku, aliyekuwa amekaa karibu naye, alimsukuma bega kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. "Nenda, bwana mdogo. Mimi nitawasalimia."

Alishuka. Marwei aliona miguu tu, miguu mitupu yenye majeraha ya vioo, ikipita upande wa mbali wa barabara, karibu na miguu yenye viatu vyeupe. Ikasimama mara moja. Ikaendelea. Lori likawashwa, likageuka, likaenda mjini na waliobaki.

"Inuka, Mbuya," Sajini Chikukwa alimwambia. "Umeshinda. Vumbi hilo."

"Ameingia?"

"Anaingia. Ameingia."

Kutoka nyuma ya zahanati ilisikika sauti ya Panganai ikiuliza kama dirisha linaweza kufungwa, na Sista akijibu kwamba linaweza, lakini joto ni kali, wangoje kidogo kwanza sindano ikubali. Sajini akamnyooshea Marwei mkono amwinue.

"Usiniinue," alinong'ona. "Ataniona."

Akabaki chini, kichwa kati ya magoti, watu wa stendi wakimzunguka na mizigo yao kama wanavyolizunguka gari bovu.